Kichwa cha Mtihani

Msusi yule aliitwa Taratibu tangu hajaolewa, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na mama yake. Miaka kumi na tisa amesuka vichwa vya mtaa mzima, mabibi harusi hadi wafiwa, watoto wake mmoja baada ya mwingine wakiwa mgongoni. Ndipo serikali ikashtuka kwamba hana cheti cha kuonyesha anajua kusuka. Barua ikasema: asiye na leseni ifikapo Jumatatu, kibanda kinafungwa.

Akaenda kwenye mtihani. Asubuhi ilikuwa maandishi, akapita. Mchana vitendo. Mtahini, mama wa makamo aliyejifunga kilemba hadi kwenye nyusi, akamwekea mezani kichwa cha plastiki chenye nywele.

"Huyu ndiye mteja wako. Mistari kumi, ianzie mbele kabisa."

Taratibu akakigeuza huku na huku. Watahiniwa walikuwa wamekisuka na kukifumua wiki tatu mfululizo. Nywele za juu ya paji zilikwisha kung'oka, vimebaki vitundu.

"Huyu simsuki, dada."

"Unasemaje?"

"Mbele hana kitu. Nikimvuta hapa, namaliza hata hivi vinywele vilivyobaki."

Nyuma kwenye foleni mtu akaangua kicheko. "Mama wee, hiyo ni plastiki! Suka tukapumzike!"

Taratibu alikuwa na kibanda kimoja, watoto watatu, na mume ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kutafuta kazi. Lakini mikono ilikataa.

"Swali la saba asubuhi," akasema, "mliuliza mteja akija nywele za mbele zimekatika, ufanyeje. Nikaandika simsuki. Mkanipa vema."

Mtahini akaitafuta karatasi, akaisoma, akaisoma tena. Kichwa kingine hakikuwepo. Ofisi nzima ilinunuliwa kimoja.

"Bila kuona mkono wako siwezi kusaini," akasema kwa sauti ya chini. "Na leo ndiyo mwisho."

Taratibu akavuta kiti. "Basi kaa wewe."

Mtahini akatazama mlango, akatazama saa, akafungua kilemba. Mbele palikuwa vilevile kama kwa yule wa plastiki.

Taratibu akaanzia vidole viwili nyuma ya paji, akishika nywele kidogo kidogo. "Nikikuumiza sema, dada yangu."

Mstari wa tatu, mtahini akaacha kuitikia. Wa sita, anakoroma, fomu mapajani.

Mkubwa wa ofisi akaingia, akaichukua fomu, akajaza mwenyewe. Usafi: vema. Mkono: vema sana. Alipofika kwenye mazungumzo na mteja akasita, akamtazama mfanyakazi wake aliyelala kinywa wazi, akaandika sifuri. Jumla ikatosha hivyohivyo, akagonga muhuri.

"Leseni yako hii," akanong'ona. "Ila ujitahidi kuongea na wateja."

"Nitajitahidi, bosi," Taratibu akanong'ona naye, akaanza mstari wa tisa.