Togwa ya Siku Tatu

"Nani ameionja hii?" Swali lilikuwa hilo tu, maneno matatu, na aliyeliuliza alikuwa Mwalimu Mkuu wa Kizungu, amesimama katikati ya ukumbi na kikombe cha bati chini ya pua. Mimi, ambaye siku zile nilikuwa na jibu la kila swali duniani (hata nisiloulizwa), nilisimama pale kama nguzo ya simu. Naona aibu kuyasimulia haya, lakini kwa kuwa kila anayenijua ameshayasikia kwa mtu mwingine, tena yameongezwa chumvi, afadhali myasikie kwangu.

Ilikuwa miaka ile ambayo matrekta ya karanga yalikuwa bado yananguruma Kongwa, na mimi nilikuwa nimerudi Ugogoni kwa likizo yangu ya kwanza kutoka chuo kikuu Uganda. Huko nilikuwa nimehudhuria dansi mbili. Mbili tu! Lakini nilishuka kwenye treni Dodoma nikiwa profesa wa dansi, na binti wa mjomba wangu, Damari, aliyekuwa anamaliza mafunzo ya ualimu katika chuo kimoja cha misheni, aliponiambia wanataka kufanya sherehe ya kuagana, wanaume na wanawake pamoja, jambo ambalo halijawahi kutokea chuoni pale, nilimwambia aniachie mimi.

"Dada Yudita, Mkuu ametoa sharti," Damari alisema. "Nimetia sahihi mimi. Likionekana tone moja la pombe, sipati cheti."

"Tone gani? Kwani sisi ni washenzi?" nikamjibu. (Ndivyo nilivyokuwa nasema wakati ule, Mungu anisamehe.)

Basi nikaandika kanuni, nikazibandika mlangoni. Watu wale kwanza ndipo wacheze. Hakuna mgeni asiyealikwa. Anayetoka atoke na mwenzake. Maandalizi yote yakamilike mapema. Hii ya mwisho niliipenda kuliko zote, kwa hiyo sherehe ikiwa Jumamosi mchana, nilimwagiza Mama Loi, jirani wa chuo aliyesifika kwa togwa yake ya uwele, tamu na isiyolevya, alete mitungi miwili Jumatano. Mama Loi akaniuliza, "Jumatano hii?" Nikamwambia ndiyo, Jumatano hii, mambo ya kukurupuka dakika ya mwisho ndiyo yanayoturudisha nyuma. Akaleta Jumatano. Nikaifungia togwa stoo, chini ya bati, katika jua lile la Oktoba mnalolijua, nikatia ufunguo mfukoni.

Jumamosi Mama Loi akaja amevaa kaniki mpya. Nikampa shikamoo, akaitikia, akafunua mtungi, akachota kwa kata, akaninyooshea mbele ya watu wote.

"Mwenye shughuli anaonja kwanza," akasema.

Kwetu ndivyo ilivyo. Kinywaji hakimfikii mgeni kabla mwenyeji hajakinywa mbele ya macho yake. Mimi niliyajua hayo tangu utotoni, lakini siku ile nilikuwa nimepaka rangi ya mdomo niliyoinunua duka la Mhindi mjini, nyekundu kama kilemba cha jogoo, niliyoipaka kwa nusu saa mbele ya kioo cha Damari, na kata lile lilikuwa pana kama beseni. Sikusema hivyo. Nilisema nini? Nilisema, kwa sauti ya kumfikia Mwalimu Mkuu na mkewe waliokaa mbele:

"Mama, siku hizi hatuogopi sumu. Hayo mambo ya uchawi tuwaachie wazee."

Wanafunzi wakacheka. Mama Loi hakucheka. "Sijasema sumu," akasema. "Nimesema onja."

"Gawa tu, mama."

Akagawa. Mtu mzima akishasema mara mbili hasemi ya tatu.

Halafu nikatoa hotuba. Naikumbuka hotuba ile na natamani nisingeikumbuka. Nilisema kijana msomi hujulikana kwa anavyojiburudisha, nikasema furaha isiyohitaji pombe ndiyo furaha ya kweli, na nilipofika mwisho nikawaamuru wote wainue vikombe, wanywe mpaka chini, kwa heshima ya kiasi. Wakanywa mpaka chini; mimi nikainua changu tu, nisiharibu rangi ya mdomo. Wakaomba tena. Mchungaji mzee wa kanisa la chuo, aliyekaa karibu na mtungi, akaomba mara nne, akisema togwa kama hii hajainywa tangu ujana wake (sentensi ambayo ilipaswa kunishtua, lakini nilikuwa nabadilisha santuri).

Kwa nusu saa sherehe ilikuwa nzuri ajabu. Nikajisifu moyoni: tazama, hata wale wanafunzi wa Kilimatinde wenye haya wanacheza! Mke wa Mkuu alivua viatu. Mchungaji alianza kutikisa mabega Kigogo, akiwaita kinamama wapige ngoma, eti gramafoni haina mdundo. Kisha Ndahani, kiranja mkuu, kijana ambaye kwa miaka miwili hakuna aliyemsikia akisema zaidi ya "naam", akapanda juu ya benchi.

"Bwana Mkuu!" akapaza sauti. "Nakupenda kama baba. Lakini maharage yako! Maharage yale hata panya wanasali kabla ya kula!"

Ukumbi ukalipuka. Mchungaji alicheka mpaka akashikilia pazia, pazia likaja naye. Ndahani, kwa kuona amepokewa vizuri, akafungua mikono aendelee, benchi likainuka upande mmoja, naye akaenda kichwa mbele hadi juu ya gramafoni. Unyusi ukapasuka. Damu, santuri vipande vipande, wasichana wanapiga kelele, na wengine, ndilo lililoniogopesha hasa, wanaendelea kucheza bila muziki.

Hapo ndipo Mkuu alipoinua kikombe, akanusa, akauliza.

Nilijua kabisa la kusema. "Hakuna, Bwana. Mimi ndiye niliyepaswa kuonja." Ningeonja tone moja tu, ulimi ungeniambia kwamba kile hakikuwa togwa tena, kimeshachacha kikawa pombe. Lakini mdomo wangu mwekundu, msafi, usioguswa na kata, haukufunguka. Mama Loi alikuwa ananitazama.

"Mimi, Bwana," sauti ikasema nyuma yangu. "Niliionja mimi, nikaona ni nzuri."

Damari. Alikuwa amepiga magoti, amekishika kichwa cha Ndahani, kitambaa chake kimelowa damu.

Mkuu hakugomba. Alisema cheti kitakaa ofisini kwake muhula mzima, na sherehe za namna ile zimekwisha. Jioni nilimfuata Damari kisimani, nikaanza kulia, nikasema kesho nitakwenda kusema kweli.

"Kusema nini?" akaniuliza bila kugeuka. "Kwamba ulikuwa unalinda mdomo? Chota maji, dada. Sakafu ya ukumbi inanata."

Na kesho yake sikwenda. Wala keshokutwa. Nilijitafutia sababu nyingi, zote za kisomi.

Tangu siku ile, mtu akija kwangu hanywi kitu, hata maji, kabla sijakinywa mimi mbele yake, na rangi ya mdomo sijapaka tena. Mnanicheka? Chekeni.

Wiki mbili baada ya sherehe ile nilipata barua: shule moja Kongwa ilikuwa imekosa mwalimu ghafla, je, ningeweza kushika darasa mpaka likizo yangu ndefu iishe? Nilifurahi kupita kiasi. Nilimwambia kila mtu kwamba elimu yangu imeanza kutambuliwa. Damari alinisindikiza stesheni, akanibebea sanduku kichwani, akanitakia heri, akapunga mkono mpaka treni ikakata kona.

Ilipita miaka sita ndipo karani aliyekuwa ofisi ya elimu wakati ule aliponiambia, bila kujua anachonifanyia, kwamba mwalimu aliyepangiwa shule ile, ambaye hakuweza kwenda kwa kuwa hakuwa na cheti, alikuwa Damari, na kwamba barua ya kumpangia alikuwa amekwisha kuipokea kabla ya Jumamosi ile.