Tochi ya Kusimama

Watu hununua tochi ili waone njia. Mdogo wangu alitaka ya kuzungumzia.

Hasikii tangu utotoni, na mumewe naye vilevile. Maneno yao yote, mahaba na magomvi, yalikuwa ya mikono. Ukiwakuta wanagombana ungedhani wanafukuza nyuki. Mumewe, shemeji yangu, alikuwa seremala na sote tulimwita Randa. Kifua kilimwangusha kitandani, na daktari akatuambia tumrudishe tu nyumbani, dawa zimefika mwisho. Mtaani kwetu nako umeme ulikuwa unakatika kila jioni. Ukikatika, wale wawili wanakuwa mabubu kweli. Ndiyo maana mdogo wangu akanivuta mkono mpaka kwenye kibanda cha vifaa vya umeme.

Muuzaji akaanza kumpigia kelele usoni. "DADA! UNATAKA IPI?"

"We kaka, hasikii, hajalala! Sema na mimi."

Akatoa moja ndefu. "Basi chukueni hii, inamulika mpaka ng'ambo ya bonde. Hizo ndogo msihangaike nazo, rahisi ghali."

"Nani kakwambia tunakwenda kuwinda?"

Mdogo wangu wala hakututazama. Kila tochi aliisimamisha kwa kitako juu ya meza, akaiwasha, akachezesha vidole juu ya mwanga. Ya kushika hakuitaka, maana angebaki na mkono mmoja, na mkono mmoja unasema nusu ya neno. Zenye swichi kitakoni zilianguka. Nyingine zilikuwa kali lakini mwanga mwembamba, zikaonyesha kidole kimoja tu.

"Huyu anacheza," muuzaji akaguna. Nusura nimzabe kofi, haki ya Mungu.

Mwishowe mdogo wangu akapata fupi, nene, ya plastiki, kitako bapa, mwanga umetawanyika vizuri. Tena ndiyo iliyokuwa ya bei ya chini kuliko zote. Akacheka, akaniambia kwa mikono, "Leo atanisimulia mpaka achoke." Nilikuwa nimesahau kwamba anajua kucheka.

Jioni ile umeme ulikatika tukiwa tunamnywesha Randa uji. Mdogo wangu akaiweka tochi kwenye kigoda kando ya kitanda, akaiwasha. Ikasimama. Chumba kizima kikaonekana, hadi misumari ya paa. Akamwambia mumewe, "Sema. Nakuona."

Randa akainua mikono. Ikafika kifuani, ikaanguka juu ya shuka. Akajaribu tena, vidole vikaanza kutengeneza kitu, vikaachia njiani. Mdogo wangu akaisogeza tochi karibu. Akafuta kioo kwa upindo wa gauni, akaizima, akaiwasha, kana kwamba kosa ni la betri. Tochi ilikuwa nzima, jamani. Mimi nililia palepale, tena kwa sauti, maana hakuna aliyenisikia.

Basi akapanda kitandani, akapitisha viganja vyake chini ya mikono ya mumewe, akaibeba. Kidole kikitikisika, anakifuata kilikokwenda. Baadaye akanigeukia. Mikono yake ilikuwa imejaa, kwa hiyo akaniuliza kwa macho: amesema nini?

Sikujua. Nikatikisa kichwa. Akarudi kuitazama ile mikono, akaendelea kuibeba mpaka ikapoa.