Ua Uliozibwa Vizuri Mno

Juma lililopita nilifuata chumvi dukani, kijijini Ndama, nikamkuta mwenye duka, mtu wa pwani, akimgombeza fundi wa ua wake wa miti.

“Mbona umeacha upenyo huku kwa jirani?”

“Ndimo utakamopita kwenda kuomba moto, bwana.”

Mwenye duka akatikisa kiberiti mbele ya pua ya fundi. “Moto ninauza. Ziba.”

Fundi akaziba. Kisha mvua ikanyesha siku tatu, viberiti vyote vikalowa.

Jana nimemwona bwana yule akichungulia juu ya ua, kigae mkononi. “Shikamoo, bibi. Naomba kaa la moto.”

“Marahaba, mwanangu,” akajibu jirani. “Zunguka.”

Leo fundi amerudi na shoka. Hakuna aliyehitaji kumwonyesha pa kukata.