Bajaji Iliyokuwa Peke Yake

Nitaanza na kosa lenyewe, maana nimechoka kulificha. Fumbo nililoliandika ubaoni Jumamosi ile lilikuwa hivi:

Kivukoni kuna vyombo tisa: pikipiki, bajaji na magari madogo. Aina zote tatu zipo. Magurudumu yote ni ishirini na tano. Pikipiki ni nyingi kuliko bajaji. Taja idadi ya kila aina.

Pikipiki ina magurudumu mawili, bajaji matatu, gari manne. Jibu langu lilikuwa pikipiki nne, bajaji tatu na magari mawili. Jumlisha, utaona linakubali. Ila lipo jibu jingine ambalo nalo linakubali, na kwetu sisi fumbo lenye majibu mawili ni kama shati lenye mikono mitatu. Mtu halivai, analicheka.

Nikisema kwetu, nina maana ya watu wa ubao. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule Mkolani. Shuleni hisabati niliifeli vibaya, na hiyo aibu ndiyo iliyonifanya niirudie mwenyewe baadaye, kwa kitabu kisicho na jalada nilichokiokota kwenye marundo ya mitumba, ukurasa kwa ukurasa, cherehani ikiwa imepumzika. Hakuna aliyenituma wala aliyenisahihisha. Nilijisahihisha mwenyewe, na mimi si mwalimu mpole. Namba ikikaa vibaya kwenye mstari nachana ukurasa mzima. Ndivyo nilivyo hata kwenye kushona: mshono ukipinda kidogo, nafumua wote. Wateja wanasema nachelewesha. Ni kweli.

Ubao wenyewe ni kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeusi, kinaegemezwa ukutani mwa steshenari moja Buhongwa, kando ya barabara ya Shinyanga. Mwenye steshenari ni mama mmoja mtu mzima, ambaye hajawahi kufundisha darasa lolote. Alianza siku umeme ulipokatika na watu wamejaa wakisubiri kutoa kopi. Kuwazuia wasiondoke akawaandikia fumbo. Umeme uliporudi hakuna aliyekumbuka kopi. Tangu hapo, kila Jumamosi asubuhi kuna fumbo jipya, na jioni jibu linatolewa. Wanakuja waendesha bodaboda, wanafunzi, muuza nyanya wa ng'ambo ya barabara, na mzee mmoja mfuga ng'ombe anayekokotoa kwa vijiti chini na hukosea mara chache kuliko wenye simu.

Mama yule alikuwa na sharti moja. Fumbo haliendi ubaoni kabla halijaonjwa, na aliyelitunga haruhusiwi kulionja.

"Mpishi ulimi wake umeshazoea chumvi yake," alisema siku ya kwanza nilipompelekea fumbo langu. "Mpe mwenzako alionje. Akisema limeiva, tunapakua."

Mwenzangu alikuwa binti anayefanya kazi pale pale, kwenye mashine ya kopi. Tulilingana umri, na wote wawili hatukuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye mambo haya bila kuonekana tuna kasoro. Kwa miaka miwili tulionjana. Jumatano nampa daftari langu, Ijumaa analirudisha. Likiwa bichi anaeleza wapi; likiwa limeiva anaweka alama ya vema na kuandika neno moja: Limeiva. Nami nilifanya vivyo hivyo kwa yake. Daftari lake lilikuwa limejaa mikwaruzo, majibu yaliyokatwa, mishale, hata matone ya chai. Langu lilikuwa safi. Nilikuwa nikitunga kwenye karatasi za mifuko ya saruji, nikishamaliza nanakili kwa penseli kwenye daftari, naangalia, nafuta, nanakili tena mpaka ukurasa utulie.

Mwaka jana mama akatuita wote wawili. Anahamia Sengerema, kwenye shamba la marehemu mumewe. Steshenari itabaki na mwanawe, ambaye hesabu kwake ni adhabu. Lakini hataki ubao ufe.

"Chaki nitamwachia mmoja wenu," alisema. "Jumamosi hii wewe fundi, ijayo wewe wa kopi. Fumbo litakalosimama mpaka jioni bila kuvunjwa, mwenyewe ndiye mshika chaki. Yakisimama yote, nitapiga kura. Na kuonja ni kule kule, msije mkasema ni mashindano mkaacha utaratibu."

"Sisi hatuwezi, mama," mwenzangu alijibu, akanishika bega.

Mtu ambaye hajawahi kutamani kitu kidogo kwa nguvu zote anaweza kucheka. Mshika chaki hapati chochote. Anachagua fumbo gani liende ubaoni na anasimama pale jioni kulieleza jibu. Lakini mimi ndiye niliyefeli. Nilitaka nisimame mbele ya watu na chaki mkononi, halafu nisikosee. Kwa wiki nzima sikulala vizuri wala sikula vizuri. Mashati matatu niliyashona kola kinyume.

Fumbo la kivuko nililipata nikienda Sengerema kumwona bibi yangu. Nilisimama sitaha ya juu ya kivuko, nikaanza kuhesabu magurudumu chini. Nilipolitunga mara ya kwanza lilikuwa na sentensi moja zaidi: hakuna chombo kilicho peke yake katika aina yake. Wakati wa kunakili, sentensi hiyo ilinikera. Ilikuwa ndefu, ilivunja mstari, ukurasa ukaonekana umechafuka. Nikajiambia, si nimeshasema pikipiki ni nyingi kuliko bajaji? Inatosha. Nikaifuta. Niliua fumbo langu kwa sababu ya urembo wa ukurasa.

Jumatano nikampa daftari. Ijumaa akalirudisha. Vema. Limeiva.

Jumamosi saa nne hivi watu wakaanza kujaa. Vijana wa bodaboda walipata pikipiki nne, bajaji tatu, magari mawili, wakaleta jibu kwa mama kwa kunong'ona kama kawaida. Mpaka saa tisa kila aliyeleta alikuwa na jibu lile lile. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyoeleza: tuanze kwa kudhani vyote ni pikipiki, tuone yamebaki magurudumu mangapi.

Ndipo mwenzangu akatoka nyuma ya mashine, akijifuta wino vidoleni, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa muuza nyanya:

"Mama, mimi nina pikipiki tano, bajaji moja, magari matatu."

Watu wakaanza kuhesabu kwa midomo. Kumi, tatu, kumi na mbili.

"Ishirini na tano!" kijana mmoja wa bodaboda akapiga kofi kwenye tanki la pikipiki yake. "Na vyombo tisa! Limepasuka hilo!"

"Dada fundi, hiyo bajaji moja umeiacha wapi?"

"Imeishiwa mafuta kivukoni!"

"Mwacheni, ataishonea wenzake."

Walicheka bila ubaya. Najua sasa kwamba hawakuwa na ubaya. Lakini nilihisi kama nimesimama darasani tena na karatasi yangu inasomwa kwa sauti. Mama alinitazama, akamtazama mwenzangu.

"Uliona lini?" akamuuliza.

"Sasa hivi, mama. Limenijia tu nikiwa kwenye mashine."

Nilimwamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: nilimwamini, nikajilaumu kwa wote wawili. Nilisema moyoni, wote tumepitiwa, yeye amebahatika kuona kabla. Hata nilimpa mkono.

Jumapili baada ya kanisa nilikaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba yetu na lile daftari. Nilitaka kujua nilikosea wapi, maana kosa nisilolijua linanikaba. Jua lilikuwa linaingia kwa ubavu. Na pale, chini ya neno Limeiva, niliona karatasi haiko sawa. Ilikuwa na mabonde. Nikachukua penseli nikailaza, nikapaka taratibu kama tulivyokuwa tukipaka juu ya sarafu utotoni. Namba zikatokea nyeupe: tano, moja, tatu. Pembeni yake kumi, tatu, kumi na mbili. Chini, ishirini na tano, na mistari miwili ya mkato kama anavyokata siku zote akimaliza.

Alikokotoa kwenye daftari langu. Akalipata jibu la pili. Akalifuta, akaweka vema juu yake.

Jumatatu nilikwenda steshenari mapema. Alikuwa peke yake. Sikumsalimia. Nilifungua kifuniko cha mashine, nikaulaza ukurasa kwenye kioo uso juu.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

Alipitisha kidole juu ya zile namba nyeupe. Nilidhani atakana, na nilikuwa nimejiandaa kwa kukana.

"Alhamisi," akasema. "Niliona Alhamisi."

"Ukaandika limeiva."

"Nikaandika."

"Kwa ajili ya chaki."

"Chaki niliitaka, siwezi kukudanganya." Alifunga kifuniko polepole, akakifungua tena. "Lakini si hiyo tu. Wewe miaka miwili hujawahi kunionyesha mahali ulipokwama. Mimi nakuletea daftari lina chai, lina makosa, unanisahihisha kama mwalimu. Wewe unaleta ukurasa umepigwa pasi. Ningekwambia Ijumaa, ungefuta, ungerudisha safi, na hakuna ambaye angejua. Nilitaka mara moja tu watu wakuone unakosea."

"Ungeniambia mimi."

"Ungefuta," alirudia.

Ni kweli ningefuta. Niliandika hapo juu kwamba mimi si mwalimu mpole. Sikuwa mpole kwake pia. Nakumbuka nilivyokuwa nikimwekea duara nyekundu kwenye makosa yake, duara nadhifu, nikijisikia vizuri. Nimelifikiria sana neno lake na sijapata mahali pa kulivunja. Lakini hata kama lote ni kweli, haliigeuzi ile alama ya vema. Utaratibu wa kuonja ulikuwepo ili niwe na mtu mmoja tu duniani ambaye mbele yake kosa langu lingekuwa salama. Sikuwa nimemtumia vizuri mtu huyo, nakiri. Lakini ndiye niliyekuwa nimemwamini.

Jumamosi yake ilipofika, fumbo lake lilisimama hadi jioni. Mimi ndiye niliyelionja, kwa sababu mama alisema utaratibu ni utaratibu. Nililionja kwa siku tatu nikitafuta ufa, Mungu anisamehe, na sikuuona. Niliandika Limeiva kwa wino. Akapewa chaki. Mama akaenda Sengerema. Sikumwambia kuhusu ule ukurasa, na mpaka leo sijui kama nilinyamaza kwa wema au kwa aibu ya kuitwa mara ya pili Bajaji Moja, jina nililopewa tangu Jumamosi ile.

Niliacha kwenda. Vijana wa bodaboda waliponipita Mkolani walipiga honi: "Bajaji Moja, mbona umepotea!" Nikawa natunga mafumbo peke yangu na kuyaonja peke yangu, jambo ambalo mama alitukataza, na kweli ladha haipatikani.

Mwezi uliopita nilipeleka sare Buhongwa, Jumamosi, mapema, kabla watu hawajafika ubaoni. Nilipanga nisitazame. Nikatazama.

Watu saba wamekutana. Kila mmoja amepeana mkono na wenzake watatu tu. Mikono imepeanwa mara ngapi?

Nilisimama kwa muuza nyanya na mfuko wangu wa sare, nikalikokotoa kichwani, nikalikokotoa tena. Haliwezekani. Halijaonjwa na mtu. Niliingiwa na furaha ambayo siipendi kuikumbuka. Saa nne watafika. Nami nitasema kwa sauti, kama yeye, mpaka huyu muuza nyanya asikie. Nilikaa pale karibu nusu saa nikiyapanga maneno.

Kisha yule mzee wa ng'ombe akatokea mbali, na vijiti vyake mkononi. Nikamwona atakavyochuchumaa asubuhi nzima akivipanga, akidhani akili yake ndiyo imechoka. Hapo nilivuka barabara. Sikumwonea mwenzangu huruma. Niliwaonea huruma mzee na fumbo.

Alikuwa anafungua madirisha. Aliponiona alisimama na komeo mkononi.

"Saba mara tatu," nikamwambia.

"Ishirini na moja."

"Kupeana mkono kunahitaji watu wawili. Gawa."

Aligawa. Niliona macho yake yakishuka. "Kumi na nusu," akasema. Halafu akacheka kidogo, kile kicheko chake cha zamani. "Hiyo nusu ni nani sasa?"

Sikucheka. Nilimwambia akiandika wanane litatoka kumi na mbili, na litasimama.

"Asante," akasema. Aliingia ndani akatoka na daftari lake, lile lile la matone ya chai, akalinyoosha kwangu. "Nina la Jumamosi ijayo. Hakuna anayeniangalizia siku hizi. Utalionja?"

Nililitazama. Nilijua kurasa zake kwa harufu.

"Tafuta mtu mwingine," nikasema, nikachukua mfuko wangu wa sare.

Nilipofika ng'ambo niligeuka. Mzee wa ng'ombe alikuwa ameshafika, amesimama anasubiri asome. Mwenzangu alikuwa bado ameshika daftari kwa mkono mmoja, na kwa kiganja cha mkono mwingine anafuta neno saba, taratibu, na lilikuwa halifutiki vizuri.