Ubao wa ujuzi niliouchora mwenyewe ndio uliowatoa wenzangu kiwandani

Wakuu, habari za mihangaiko.

Ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe. Jina la kiwanda sitalitaja. Sijaongeza chumvi, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Nilifanya kazi miaka kumi na sita kwenye kiwanda cha kuunda mabasi, Iyunga hapa Mbeya. Chasisi ilikuja na injini, usukani na magurudumu tu. Dereva aliiendesha kutoka Dar akiwa amekaa kwenye kiti cha mbao, amevaa koti zito na miwani, hana kioo wala paa. Akifika getini asubuhi ya baridi hawezi hata kukunja vidole.

Sisi tuliivalisha: mifupa ya chuma, bati, vioo, viti, rangi.

Basi likitoka getini mara ya kwanza, kazi ilisimama karakana nzima. Hakuna aliyeagiza. Watu walitoka na ovaroli zao wakalisindikiza kwa macho mpaka lishike lami.

Mpaka leo nikiwa stendi najua basi gani lilipita mikononi mwetu. Naangalia kona ya nyuma, juu ya taa. Ile kona ilitushinda mwaka mzima kabla hatujaipatia.

Mimi ni darasa la saba. Nilikuwa msimamizi wa sehemu ya bodi, watu kumi na mmoja. Mambo mengine nilijifunza kwenye vitabu vya mtumba, nikinunua soko la Mwanjelwa na kusoma kwa kamusi. Kimoja kilieleza namna ya kupanga ujuzi wa wafanyakazi kwa ubao. Kila mtu ana mstari wake, kila kazi ina duara. Robo moja: ameona ikifanyika. Nusu: anafanya akisimamiwa. Robo tatu: anafanya peke yake. Duara zima: anaweza kufundisha.

Nikauchora kwa chaki ukutani. Lengo lilikuwa kila mtu aone kinachofuata kujifunza. Niliujaza kwa ukweli. Hata mimi kwenye rangi nilijipa nusu.

Rafiki yangu pale alikuwa Sanga, mtu wa Makete, fundi wa kunyoosha bati. Alivaa soksi mkononi, akapitisha kiganja polepole kwenye ubavu wa basi kutafuta palipobonyea, amefumba macho. Ukimuuliza anakwambia, "Macho yanadanganywa na mwanga. Soksi haidanganywi."

Kwenye bati alikuwa na duara zima. Kwingine kote, robo.

Saa nne tukinywa chai na viazi vya kuchemsha alikuwa akinitania mbele ya wote: "Mwalimu, leo umeniongezea robo, au bado niko chekechea?"

Tulicheka sana pale, wakuu. Kuna siku naisikia ile karakana kichwani, nyundo na mashine za kukatia, nasahau kwamba sasa ni ghala la mbolea.

Basi, oda zikapungua. Wenye mabasi wakaanza kuagiza yaliyokamilika kutoka nje. Ikafika wiki nzima tunazunguka chasisi moja.

Uongozi ukawataka wasimamizi wote wapeleke orodha ya ujuzi wa kila mtu. Tuliambiwa ni kwa ajili ya kupanga upya sehemu. Wasimamizi wenzangu walikaa kantini wakajaza watu wao duara zima, kila kazi. Mimi nilinakili ubao kama ulivyo, nikasaini. Nakiri niliona fahari.

Wiki kadhaa baadaye wasimamizi tukaitwa ofisini. Watapunguza watu, na kigezo ni anayejua kazi nyingi abaki. Sehemu nyingine zilipoteza wawili, watatu. Yangu saba. Sanga alikuwa wa pili kwenye orodha.

Tukaambiwa barua zitatoka baada ya wiki mbili, na atakayetoa siri naye ataondoka.

Ndani ya zile wiki mbili, saa ya chai, Sanga akaniambia, "Lile shamba la Madibira nimemwachia shemeji msimu huu. Nimechoka kukimbizana na maji ya mpunga kila wikiendi. Kesho namkabidhi. Kazi ipo, ya nini kujigawa?"

Nikajimiminia chai. Nikasema, "Shemeji yako ana bahati."

Barua zilipotoka, Sanga aliisoma yake amesimama. Akaniuliza, "Wewe umepewa?"

"Sijapewa."

"Sawa," akasema, akaenda kukabidhi vifaa.

Mimi niliondoka miezi minane baadaye, sehemu yote ilipofungwa.

Mwaka jana nikasikia yuko Ruaha Mbuyuni, anatengeneza bodi za Fuso zinazobeba vitunguu na nyanya. Nikapanda basi nikamfuata. Nilitaka kumwambia kwa kinywa changu kuhusu ubao.

Nilimkuta kwenye jua kali anapima bati.

"Kamwene, Mwalimu," akanisalimu kwa lugha ya kwao. "Umekuja kunisahihisha?"

Nikamweleza yote, kuanzia kunakili mpaka kusaini. Alisikiliza bila kuacha kupima.

"Ubao ulikuwa sahihi," akasema. "Waya sikujua, rangi sikujua. Na wewe ndiye uliyenizuia kwenye bati kila nilipoomba kwenda kujifunza."

"Ni kweli."

"Hilo nimeshakusamehe. Hata mimi ningemng'ang'ania fundi kama mimi." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "La chai ndilo bado."

Sikumuuliza chai ipi.

"Ulijua, ukanipongezea shemeji. Msimu ule kwangu hakukuwa na mshahara wala mpunga. Mke wangu, Mama Neema, alienda kupalilia mashamba ya watu. Mwalimu, ulikuwa na maneno mawili tu ya kuniambia: usiachie shamba. Orodha usingeitaja, barua usingeitaja. Nani angekufukuza kwa hilo?"

Nilipoinuka kuaga akasema, "Sijakwambia uondoke. Shika bati hapo."

Nikalishika. Tulimaliza Fuso jioni. Kama amenisamehe la chai, sijui. Hajasema, na sijamuuliza.

Funzo langu: nilipima ujuzi wa watu kwa makini mno, lakini siku ile sikutumia hata dakika moja kutafuta sentensi ambayo ingemwokoa rafiki bila kuvunja siri. Ilikuwepo, na ilikuwa fupi.

Mliowahi kushika orodha huku mwenye jina yuko mbele yenu anakunywa chai, mlisema nini? Andikeni hapa chini. Hata wa kunilaumu nitamsoma.