Kisima cha Athman, Kililana

Mama yao alipougua saratani, Mardhiya ndiye aliyempeleka Mombasa kuchomwa mionzi. Mwaka haukuisha, wakamzika. Mardhiya akarudi kisiwani Amu kufundisha jiografia, lakini swali moja halikumwacha: mashine zile zikichakaa, hutupwa wapi?

Aliyemjibu ni Douglas, mtafiti wa miamba kutoka chuo kikuu. Alimwambia kuwa mabaki ya mionzi hukaa na ukali wake miaka na miaka, hivyo yafaa yazikwe chini sana, katika mwamba usiopitisha maji. Alitaka kutoboa shimo la majaribio Kililana, bara, ng'ambo ya Amu. Taka zenyewe hazingeletwa. Wangetia shimoni chumvi isiyodhuru, kisha kila mwezi wapime kisima cha karibu waone kama imefika.

Shamba lililofaa lilikuwa la Athman, mdogo wake Mardhiya, mkulima wa matikiti.

"Na maji yangu?" Athman alimuuliza dadake alipokwenda kumwombea Douglas ruhusa. "Hicho watakachotia hakitafika kisimani?"

Mardhiya alikwisha kumuuliza Douglas swali hilohilo. Douglas alimjibu, "Hatujui, mwalimu. Tungejua tusingetoboa." Lakini alipomtazama nduguye, alihofu jibu hilo lingemtisha.

"Hakifiki," alisema. "Mwamba wa huko ni mgumu. Niamini."

"Tangu mama afe, mama yangu ni wewe," Athman alisema. "Basi na watoboe."

Mtambo ulipoanza kunguruma, uvumi ulitangulia kuvuka maji. Athman alipofika sokoni Amu na matikiti yake, mteja wa kwanza aliuliza, "Haya si ya shimo la nyuklia?"

Athman alikuwa amekuja na dumu la maji ya kisimani kwake. Alimimina bilauri, akanywa mbele ya watu.

"Tazamani kwa mato yenu! Nimekufa?"

Walimtazama mpaka akamaliza, kisha wakaenda kununua kwa mwingine. Msimu huo matikiti yalimwozea shambani. Msimu wa pili hakupanda.

Mwezi wa tisa tangu shimo litobolewe, Douglas alileta matokeo. Chumvi ilikuwa imeonekana kisimani. Mwamba ulikuwa na nyufa, haukufaa, na pale pasingezikwa kitu kamwe. Shimo likazibwa kwa saruji. Douglas alishukuru sana: utafiti ulikuwa umewaepusha na kosa kubwa.

Mardhiya alikimbilia Kililana na karatasi mkononi. Alimkuta Athman na mkewe, Hindu, wakifunga vyombo vyao.

"Yamekwisha, ndugu yangu! Wamesema hapafai. Watu wataamini sasa."

Athman aliisoma karatasi polepole.

"Kwa hiyo ilifika."

"Ni chumvi tu, Athman. Haina madhara."

"Sikuulizi madhara. Wao walikwambia haitafika?"

Mardhiya alishindwa kusema uongo mara ya pili. "Walisema hawajui."

Athman aliikunja karatasi, akamrudishia. "Ungaliniambia hawajui, ningalikubali vilevile. Na sokoni ningalijua la kuwajibu watu. Mimi niliapa kwa neno lako."

Walihamia Kizingitini, kwa wazazi wa Hindu. Siku ya Idi Mardhiya alipanda boti akawafuata. Hindu alimpokea vizuri, akamtandikia mkeka, akamtilia kahawa. Athman aliposikia sauti ya dadake ukumbini, alitoka kwa mlango wa nyuma, akaenda zake. Mardhiya alimngoja hadi alasiri, mpaka nahodha alipotuma mtu kumwambia boti inaondoka.