Wali Chini ya Kawa

Nikisikia harufu ya kiporo cha wali wa nazi, hata leo, macho yangu hukimbilia kawa la ukili lililofunika chungu. Nalikagua limekaaje. Ndivyo nilivyolelewa msimu ule, wenzangu: kushuku.

Tulikuwa shambani, bonde la Mohoro, mpunga umeanza kuzaa. Familia nzima ilihamia kwenye dungu, kibanda chetu cha miguu mirefu, tuamie ndege na kuwafukuza nguruwe. Chakula kikaanza kupotea. Mama aliacha wali, akirudi kutoka kuchuma mboga alikuta chungu kimekwanguliwa mpaka ukoko. Baba akasema ngedere. Bibi, mama yake Baba, ambaye hakuwaamini hata kuku wake, akasema ngedere hafuniki chungu akishakula.

Akafanya kama tunavyomtafuta mharibifu wa shamba. Alimwaga majivu jikoni, chini ya dungu, akayasawazisha. Jioni tulizikuta nyayo za Shangazi Somoe, mdogo wake Baba, aliyekuwa ameposwa na kijana wa Mtawanya.

Nilidhani atagombezwa. Lahaula! Bibi alimtazama tumbo.

"Mtu hali chungu kizima peke yake," alisema. "Humo wanakula wawili."

Tangu hapo hakuna aliyemtazama Somoe usoni. Mama alimvizia akienda kuoga. Baba akasema posa irudishwe kabla aibu haijatufika.

Mchana mmoja nilikuwa juu naamia ndege, nikamwona kupitia mianya ya fito za sakafu. Tulikuwa tumetoka kula, sote tumeshiba. Alichutama mbele ya chungu, tonge halijamezwa jingine limeingia, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Alipomaliza alilirudisha kawa taratibu. Nikashuka nikamuuliza kama anaumwa.

"Sina njaa, mwanangu," alisema. "Nikianza tu, mkono haunisikii."

Nilimwambia Bibi, akacheka kwa pua. Miezi ikapita, tumbo halikuwa na mtu. Lakini posa ilikuwa imesharudi, na mchumba ameshaoa kwingine. Hakuna aliyemwomba Somoe radhi.

Juzijuzi hapa Kibiti, muuguzi mmoja alimsikiliza Shangazi mpaka mwisho. Akatuambia ni maradhi, na yana tiba: mtu hula kupita shibe, kwa siri, asiweze kujizuia, kisha aibu humla yeye. Ndipo nilipoelewa. Bibi alisema kweli, ngedere hafuniki chungu. Anayefunika ni mwenye aibu, na sisi tulikuwa tukimtafuta mwizi.

Shangazi akamuuliza muuguzi, "Unaweza kumweleza mama yangu hivyo hivyo?"

Bibi tulishamzika zamani.